Pikapu Haiuzwi kwa Kilo

4 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Huku tu wazima, ila mama goti linamsumbua asubuhi na ulimi unamsumbua kutwa. Mimi bado niko kwenye karakana yangu ileile ya uani, natengeneza vitanda na milango, na mbao zimepanda bei mpaka naona aibu kuzikata. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu yako inaita mpaka inachoka, na nikikutumia ujumbe unajibu neno moja tu: "Sawa." Mtu hawezi kuzungumza na "Sawa."

Jambo lenyewe ni pikapu yako. Tangu ulipoiacha hapa uani na kwenda kufanya kazi huko, haijasogea. Sasa kaka yako, mjomba mkubwa, anataka kujenga vyumba pale ilipo. Amekwisha kuzungumza na mtu wa chuma chakavu, aje aikatekate na kuipima kwenye mizani kama viazi. Amesema ikifika katikati ya mwaka na bado imekaa, anaitoa.

Mimi nimemwambia haiuzwi kwa kilo. Nimepata kazi ya milango ya zahanati mpya ng'ambo ya mto, na nimechoka kukodi magari ya watu. Juzi dereva mmoja alilaza kabati langu kifudifudi juu ya mifuko ya saruji, halafu akaniuliza mbona nanuna. Nataka kuifufua, Mjomba. Mjomba mkubwa amecheka, akasema mwanamke na injini wapi na wapi, na kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Nipe ruhusa na unielekeze.

Mpwa wako,
Msumari

26 Februari

Msumari,

Marahaba. Mwambie dada goti alikande kwa maji ya moto, na ulimi auache ulivyo, hauna dawa. Huku mimi mzima. Gereji ni kubwa, magari ni mengi, na kelele ndizo zinazofanya simu isipokelewe. Usiulize tena habari za simu. Na ile methali ya sikio usiniandikie tena.

Pikapu imekufa. Niliifunika turubai kwa mikono yangu mwenyewe, na mtu hafuniki kilicho hai. Mpe kaka kilo zake, kazi yako ni mbao. Nilikupa jina la Msumari ulipokuwa mdogo kwa sababu kila ulipogongwa ulizidi kuzama. Sikujua kama utazeeka nalo.

Nimekataa. Usiiguse.

Lakini nakujua, huenda umeshafungua boneti. Kama umefungua, usithubutu kugusa stata. Toa plagi zote, mimina oili kidogo kwenye kila tundu, uache ilale hivyo siku kadhaa. Kisha shika spana kubwa, uizungushe injini kwa mkono, polepole, mpaka ikubali. Anayeiwasha injini iliyolala muda mrefu bila kuiamsha kwanza anaivunja kifua. Nayasema haya kwa uchungu wa chuma tu. Usiiguse.

Mjomba wako

9 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Mama amelikanda goti, anakushukuru, na amesema ulimi wake na wako vilinunuliwa duka moja.

Boneti nilikuwa nimeshaifungua kabla barua yako haijafika. Kuku alikuwa ametaga juu ya injini, na panya walikuwa wamekula nyaya kama wageni waliokaribishwa mezani. Oili nimemimina. Siku ya kwanza niliizungusha, haikutikisika. Nikaongeza oili, nikarudi kwenye milango yangu. Nilipojaribu tena, nikaning'inia kwenye spana kwa uzito wangu wote, mjomba mkubwa akiwa amesimama na mikono mgongoni, akiuliza kama nacheza bembea. Ikalegea! Nilianguka chali, lakini ilizunguka. Nilimwambia akamwambie mtu wake wa mizani aanze kutafuta chuma kingine.

Petroli ya zamani nimeimwaga, ilikuwa inanuka kama rangi iliyooza. Tangi limejaa kutu. Sakafu ya nyuma ya mizigo imetoboka kabisa, ila hiyo sikuulizi. Nitaitandika mbao ngumu, na atakayecheka aje asimame juu yake.

Niambie kuhusu tangi na kabureta. Najua umekataa.

Msumari

28 Machi

Msumari,

Marahaba. Hujambo, mama hajambo, kuku hajambo, yote nimeelewa.

Bado nimekataa. Kwenye tangi tia kokoto ndogo na petroli kidogo, ulitikise mpaka mikono ikuume, kisha lisuuze. Urudie. Usichoke kabla kutu haijachoka. Kabureta ifungue juu ya kitambaa cheupe, na kila kitu unachokitoa kipange kwa mpangilio uleule wa kukitoa. Mipira ya breki usiitazame usoni, tupa yote, weka mipya. Mpira wa breki huoza kwa ndani huku nje unang'aa, wako watu wa namna hiyo pia.

Ukiiwasha, sikiliza. Hapa ndipo kila kitu kinapoamuliwa. Injini ikilia tiki-tiki kutoka juu, ni valvu, zimelegea tu, unazirekebisha kwa spana na mkono mtulivu. Ikigonga ko-ko-ko, nzito, kutoka chini, ni beringi za ndani kabisa. Hiyo ikiwa ndiyo, zima, funga boneti, mwite mtu wa mizani wewe mwenyewe. Hakuna fundi wa kuirudisha kwa uwezo ulio nao.

Mjomba wako

20 Aprili

Mjomba wangu,

Shikamoo sana. Imewaka!

Ilikohoa, ikapiga mlipuko mmoja uliowafanya majirani watoke na ufagio, kisha ikashika. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama tu. Nilimwona anafuta macho, akasema ni moshi. Kweli moshi ulikuwepo, lakini ulikuwa unaelekea upande mwingine.

Ila inagonga. Nimesikiliza kwa juu, nimelala chini nikasikiliza kwa chini, na kadiri ninavyosikiliza ndivyo ninavyozidi kuchanganyikiwa. Mara naona ni juu, mara naona ni kwa mbele, usiku nikiota naona ni chini. Wewe ndiye uliyekuwa ukiutambua ugonjwa wa gari linapoingia getini, kabla halijazimwa. Watu walikuwa wanakuita daktari.

Kwa hiyo nimeurekodi mlio wenyewe kwenye simu yangu ya zamani. Nimempa jirani yetu muuza nguo, anakuja huko kuchukua mzigo. Sikiliza, uniambie. Nikiwa na jibu lako nitajua kama nina gari au nina kilo. Mjomba mkubwa ameanza kupima kiwanja kwa kamba.

Msumari

2 Mei

Msumari,

Marahaba. Simu nimeipokea, naye muuza nguo nampa airudishe pamoja na barua hii. Nimesikiliza mara mbili, kwa makini. Ni valvu. Zirekebishe injini ikiwa ya baridi, nafasi ya kila moja iwe unene wa karatasi nzito ya bahasha. Utaona itatulia.

Msalimie dada.

Mjomba wako

23 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Mama mzima.

Valvu nimezirekebisha zote. Nilifanya taratibu, nikarudia. Mlio uko palepale. Nikasema labda nimeelewa vibaya, ngoja nisikilize nilichokutumia, nilinganishe.

Nimesikiliza, Mjomba. Injini haimo. Nilikosea kubonyeza. Nilipodhani nawasha nilikuwa nazima, na nilipodhani nimezima ndipo nilipowasha. Mle ndani yumo mama, mwanzo hadi mwisho, anamgombeza kuku aliyeingia jikoni. Anamwita mwizi, anamwita hana malezi. Hakuna gari.

Wewe umeandika umesikiliza mara mbili, kwa makini.

Ulisikia nini?

Msumari

20 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Hujanijibu, na barua yangu najua imefika, kwa sababu muuza nguo aliniambia amekukabidhi mkononi, ukaisoma umesimama, ukaikunja, ukaondoka bila kumuaga.

Mtu wa chuma chakavu alikuja juzi, kabla ya wakati waliokubaliana. Mimi nilikuwa sokoni nanunua bawaba. Alikuja na mkokoteni na msumeno, na mjomba mkubwa anamwelekeza aanzie wapi. Mama alichukua sinia lake la maharage, akafungua mlango wa pikapu, akapanda na goti lake lilelile, akakaa kwenye kiti cha dereva, akaanza kuchambua. Mjomba mkubwa akamwambia ashuke. Akamwambia, "Kaka, nikate na mimi, unipime, useme nina kilo ngapi." Niliporudi maharage yalikuwa yamekwisha kuchambuliwa na bado amekaa. Yule mtu wa mizani alikuwa ameondoka, amesema yeye hanunui gari lenye mtu ndani.

Kwa hiyo tumepata muda, lakini si mwingi. Mjomba mkubwa amesema gari lisipotoka uani kwa magurudumu yake yenyewe mwezi ujao, litatoka kwa msumeno, mama awemo asiwemo.

Mama sijamwambia ninachokifikiri kuhusu wewe. Wewe ndiye ninayekwambia: mficha maradhi kilio humfichua. Nina mlio unaonishinda, na nina mjomba anayenibahatishia. Siwezi kutengeneza vyote viwili bila kuambiwa ukweli.

Msumari

1 Julai

Msumari,

Umeuliza nilisikia nini. Sikusikia kitu. Niliiweka simu sikioni, nikaona taa yake inawaka, nikajua inasema, nikahesabu kwamba imesema vya kutosha. Nikabahatisha valvu kwa sababu injini za aina ile mara nyingi huugua valvu.

Sikio la kushoto lilianza kuniacha kabla sijaondoka hapo kwenu. Ndiyo maana niliondoka. Nilisema nafuata gereji kubwa, na kweli nilitaka mahali penye kelele nyingi, ambapo kila mtu anapiga kelele na hakuna anayeona ajabu ukimwambia "Nini? Rudia." La kulia limelifuata la kushoto huku. Miaka yote ile ya kuingiza kichwa kwenye injini zinazounguruma, ndio mshahara wake huo.

Sasa umejua. Usinionee huruma, maana nitaichoma barua yako. Usimwambie dada. Na usiniandikie methali, ninazo zote kichwani na hakuna hata moja iliyonitibu.

Nimekasirika, nawe una haki ya kukasirika. Lakini gari halingoji hasira. Kuna jambo moja ambalo nilipaswa kukwambia tangu mwanzo badala ya kujifanya naagua kwa simu. Legeza mkanda ule wa mbele unaozungusha feni, uutoe kabisa. Washa injini bila mkanda, kwa muda mfupi tu, isije ikachemka. Sikiliza. Mlio ukibaki, ugonjwa uko ndani ya injini, mwite mtu wa mizani. Mlio ukipotea, injini ni nzima, kilichokufa ni kimoja kati ya vitu vinavyozungushwa na ule mkanda. Shika feni kwa mkono, injini ikiwa imezimwa, itikise. Ikicheza, ni beringi ya pampu ya maji.

Hii haitaki masikio yangu. Inataka yako. Yatege.

Mjomba wako

18 Julai

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Kaa chini kwanza.

Nilitoa mkanda, natamani niseme sikuogopa lakini niliogopa. Mama alikaa karibu. Mjomba mkubwa alisimama mlangoni akipiga mswaki, kama anayesubiri habari za msiba wa mtu wa mbali. Nikawasha. Kimya! Si kimya cha kufa, kimya cha injini inayofanya kazi yake. Iliunguruma tu, laini. Nikazima haraka kama ulivyosema, nikashika feni, ikacheza mkononi kama jino la mtoto. Pampu ya maji, Mjomba! Muda wote ule, usingizi wote ule niliopoteza, ni pampu ya maji.

Nimeweka nyingine. Nimetandika sakafu ya mbao nyuma, nimeipaka oili, sijawahi kutengeneza sakafu nzuri hivyo hata kwenye nyumba ya mtu. Juzi nimepakia milango ya zahanati, nimeifunga kwa kamba, nimetoka uani kwa magurudumu yangu. Mjomba mkubwa alilazimika kusogea ili nipite. Nilimpungia mkono kwa adabu zote, na najua hiyo ndiyo iliyomuuma. Jioni alikuja kuniuliza, anatazama kando, kama naweza kumbebea tofali za vyumba vyake, atajenga upande mwingine wa kiwanja. Nimemwambia nitafikiria.

Sasa sikiliza, samahani, soma. Rudi nyumbani. Wanasema ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini, najua umenikataza methali lakini hii ni ya mwisho. Watu watatu wameshaniuliza nani aliyeifufua hii pikapu, wana magari yao yaliyolala. Njoo tufungue gereji uani, karibu na karakana.

Breki zinavuta upande wa kushoto. Sijui nifungue gurudumu la kushoto au nifanyeje.

Msumari

3 Agosti

Msumari,

Marahaba. Hiyo ya milango nimeisoma mara nyingi. Sitasema zaidi.

Ama kuhusu kurudi, mimi si ng'ombe. Huku hawanipi injini tena, siku hizi naosha nati na bolti kwenye beseni la mafuta. Vijana wananisemesha kwa nyuma, wakiona sigeuki wanacheka, na mimi nawaona wanacheka kwenye kioo cha gari lililo mbele yangu. Lakini kila asubuhi naingia na ovaroli iliyopigwa pasi. Hawajapata kuniona nimeinama isipokuwa juu ya kazi. Nikirudi huko nitakuwa nani? Yule babu kiziwi wa uani, anayeletewa chai na kupigiwa kelele. Kaka atasema ndivyo alivyotegemea. Afadhali nichekwe na wasionijua.

Breki: gari likivuta kushoto, breki ya kushoto ndiyo nzima. Mbovu ni ya kulia, haifanyi kazi yake, ndiyo maana mwenzake anavuta peke yake. Fungua gurudumu la kulia. Silinda yake ndogo itakuwa imeganda. Usiendeshe barabara kuu hata hatua moja kabla hujaitengeneza. Na usifikirie kuja huku. Nasema usije.

Mjomba wako

19 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Gurudumu la kulia, kama ulivyosema. Silinda ilikuwa imeganda kama sabuni ya zamani. Umeijua ukiwa mbali, bila kuiona, bila kuisikia. Nimeisoma barua yako kwa sauti kwa wale watu watatu wenye magari, nikaacha ya bolti nikawasomea ya breki. Mmoja akasema, "Huyo fundi anarudi lini?" Nikamwambia yuko njiani. Kwa hiyo ukikataa utakuwa umenifanya mwongo, nami ni mtu wa heshima sasa, nina gari.

Sikuonei huruma. Ingekuwa huruma ningekuletea chai. Mimi nakuletea kazi. Wewe leta mikono na kichwa, masikio mimi ninayo mawili, na kutengeneza vitanda linatosha moja. Mteja atazungumza, mimi nitasikiliza, nitakuandikia kwa chaki kwenye ubao mkubwa ambao nimeshauranda na kuupaka rangi nyeusi. Injini ikigonga nitakwambia inagongaje, nawe utanikaripia mbele ya watu kwamba nimesikiliza vibaya. Atakayekucheka nitampandishia bei.

Mama ameniona natandika godoro nyuma ya pikapu, akaniuliza la nini. Nimemwambia yote, nimevunja ahadi ambayo sikuitoa. Akasema, "Mwache aje aniambie mwenyewe. Nitajifanya sijui." Ameanza kufua shuka zako.

Ulisema nisije. Nimesoma. Barua hii naipeleka kwenye basi la leo, mimi naondoka kesho kutwa alfajiri, taratibu, kwa hiyo itanitangulia. Vaa ovaroli ile ya pasi. Nikifika getini kwenu nitapiga honi, ndefu, bila kuiachia. Najua wewe hutaisikia. Siipigi kwa ajili yako, naipiga ili wao wote wageuke.

Msumari